Kinyama Kilichokataa Mrututu

Watu wa mashamba ya kondoo kaskazini ya Burra wana ugonjwa mmoja unaotangulia magonjwa yao yote: hawaendi kwa daktari. Mwanamume atapigwa teke na ng'ombe, avunjike ubavu, amalize kazi, ale, alale, na asubuhi mkewe akimwona anavaa shati kwa mkono mmoja ndipo aambiwe, "Aa, ni kaubavu tu." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo ilikuwa bado haijafika kaskazini ya Burra.

Lindsay Trethewey alikuwa mwana halisi wa nchi hiyo. Kidonda cha koo alikaa nacho muda mrefu akikiita mafua, akimung'unya pipi za mnanaa, mpaka sauti ikamkauka na tonge la mkate likamkwama njiani. Huko Adelaide, mji mkuu wa jimbo lao, madaktari wakamwambia si mafua. Ni kansa, imekaa kwenye shina la ulimi, na imekua.

Kabla ya kumpiga mionzi walimtoboa kitundu tumboni, wakamtia mpira mwembamba wa kupitishia chakula, maana walijua koo litaungua na hatameza kitu. Ikawa hivyo hasa. Mtu aliyekuwa akimaliza paja la kondoo huku akilalamika kwamba mwaka huu kondoo wamekonda, sasa akawa anaishi kwa maziwa ya kopo, ambayo mkewe Dulcie aliyasukuma tumboni kwa bomba la sindano asubuhi, mchana na jioni. Dulcie aliupenda mpira ule. Aliuosha, akaukausha, akaubandika vizuri kwenye ngozi ya mumewe, na mara nyingine usiku aliushukuru kimoyomoyo kama mtu anayemshukuru jirani mwema. Bila mpira ule angekuwa mjane.

Baridi ilipokuwa inaelekea ukingoni wakampiga picha upya, na daktari akasema maneno ambayo Dulcie aliyarudia kwenye simu kwa kila jirani mwenye masikio: koo ni safi. Halina kitu. Lindsay alikuwa ameshaanza kumeza mchuzi, uji wa shayiri na yai laini. Sauti yake ilibaki ya kukwaruza, lakini matusi yalikuwa yanasikika vizuri, na kwa mkulima hilo latosha. Ikapangwa siku ya kwenda Adelaide kuutoa mpira.

Kulikuwa na neno moja tu. Pale mpira unapoingia tumboni, kando kabisa ya kitundu, palikuwa pameota kinyama.

Hapo inabidi nieleze habari za Dulcie. Tangu usichana wake, Dulcie alikuwa na mkono wa wanyama. Farasi akijikata kwenye waya, mara nyingine kidonda badala ya kufunga huchipua nyama nyekundu, laini, inayotoka damu ukiigusa, na ngozi haiwezi kuipanda. Wenye farasi wote wa wilaya walijua pa kwenda. Dulcie alisaga mrututu, yale mawe ya buluu yanayounguza, akauchanganya na mafuta kidogo, akaupaka juu ya ile nyama, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka ikaungua ikalala na ngozi ikapita juu yake. Baba yake alimfundisha hivyo, na baba wa baba yake alimfundisha huyo. Hakuwahi kupoteza farasi hata mmoja kwa nyama ya kidonda.

Kwa hiyo kinyama kile kilipochomoza kwenye tumbo la Lindsay, kidogo kama punje ya dengu, hakikumshtua. Hata Glenys, muuguzi anayezunguka mashambani kutoka mjini, alikiona wakati huo akasema si jambo la ajabu. Mpira unasugua, nyama inachipua, ni wengi wanaopata. Alikigusa kwa kijiti chake cha dawa, akafunga mkoba wake.

"Kumbe kama farasi," alisema Dulcie.

"Kama farasi," alicheka Glenys, akaondoka zake.

Maneno hayo mawili Dulcie aliyashika kama leseni ya serikali. Glenys alipozunguka tena, Lindsay alikuwa amekaa mezani na shati lake limefungwa mpaka shingoni. "Tumeshabadilisha bandeji," akamwambia. "Kunywa chai, wewe mwanamke, una njia ndefu." Glenys alikunywa chai. Na Dulcie, aliyekuwa amesimama penye jiko na kikopo cha mrututu nyuma ya birika, hakusema kitu.

Asubuhi ya safari Dulcie alimwita mumewe chumbani.

"Vua shati."

"Unanivua shati asubuhi yote hii, majirani watasema nini?"

"Watasema Dulcie ana kazi na mzee wake. Vua."

Alibandua kitambaa. Kinyama kilikuwa kimerudi tena, na kilikuwa na ukubwa wa ndimu. Rangi yake ilikuwa ya ajabu, buluu juu kwa sababu ya mrututu, na chini yake wekundu mchafu wenye kingo nyeupe. Akakibonyeza kwa kidole. Nyama ya kidonda ni laini kama ulimi wa ndama. Hiki kilikuwa kigumu, kimeshika ndani, hakisogei. Kidole chake kilijua jambo, naye akakikemea kimoyomoyo kidole chake mwenyewe.

"Lindsay, hii si ya farasi. Imekuwa ngumu."

"Umeichoma mno, imeota sugu. Shika kiganja changu, nacho ni kigumu, mbona hukipaki dawa?"

"Tungemwonyesha Glenys."

"Glenys angesema kuna uchafu. Angepiga simu. Wangesema mpira ubaki mpaka kipone." Alishusha pumzi, maana maneno mengi yalimchosha koo. "Mama, nimebeba hiki kitu kinaning'inia kama kiwele. Leo kinatoka. Kikishatoka hakuna kinachosugua, na hicho kinyama kitakufa chenyewe. Paka, tufunge, twende."

Alimwita Mama, kama waume wa huko wanavyowaita wake zao watoto wakishakua. Dulcie akapaka. Alikuwa na hasira, hasira kweli, lakini hakujua amkasirikie nani, kwa hiyo akaikasirikia bandeji, akaivuta mpaka Lindsay akaguna.

Binti yao Roslyn, mwalimu wa shule huko Clare, ndiye aliyeendesha gari. Roslyn hakujua habari za kinyama wala za mrututu. Alijua tu kwamba baba yake amepona, na njia nzima hakunyamaza.

"Baba, wakishautoa huo mpira nitauweka kwenye fremu. Niutundike darasani."

"Uutundike shingoni mwa huyo mchumba wako. Labda atajifunza kula bila kuongea."

Roslyn alicheka mpaka gari likagusa changarawe za kando. Dulcie, kiti cha nyuma, alitazama mashamba ya ngano yakipita na akatamani njia iwe ndefu zaidi.

Daktari aliitwa Menaka Wijeratne, mwanamke kijana mwenye nywele zilizofungwa nyuma. Siku ya kwanza alimwambia Lindsay amwite Menaka tu; Lindsay akakataa, akamwita Daktari Binti, na ikabaki hivyo.

"Leo tunaachana, Lindsay," alisema akivaa glovu. "Utanikumbuka?"

"Nitakukumbuka nikitafuna, Daktari Binti."

Akabandua kitambaa huku bado anacheka. Kicheko kilibaki mdomoni kwa muda baada ya kuondoka machoni. Alikibonyeza kile kinyama, akakizunguka kwa kidole, akabonyeza tumbo upande huu na upande ule. Roslyn, aliyekuwa anatafuta kitu mkobani, akainua kichwa.

"Hii buluu ni nini?"

"Dawa ya shambani," akasema Lindsay haraka. "Mrututu. Kitu kidogo hicho, kimeota juzi tu."

"Juzi lini?"

"Wiki mbili hivi."

Dulcie alimtazama mumewe. Lindsay alikuwa anatazama dari. Wiki mbili! Alidhani anasema hivyo ili wasicheleweshe kuutoa mpira, ule ujanja wake wa kawaida, kama anavyomdanganya mnunuzi wa sufu ya kondoo. Akanyamaza. Si mara ya kwanza kunyamaza, na kunyamaza ni kama njia ya mbuzi, ukiipita mara moja mara ya pili huioni taabu.

Mpira haukutolewa. Daktari alikata kipande cha kinyama, akakitia kwenye kichupa, akampeleka Lindsay apigwe picha za tumbo na kifua, kisha akawaambia warudi nyumbani wasubiri simu. Hakutania tena. Alimshika Dulcie mkono mlangoni, na mkono ule ulikuwa wa joto kupita ilivyohitajika.

Simu ilikuja wanyoaji wakiwa bandani, mashine zinalia, kondoo wamejaa zizini. Hakuna mkulima wa huko anayeacha banda lake katikati ya unyoaji. Hata mazishi husubiri. Lindsay alikata simu, akamwambia kiongozi wa wanyoaji, "Endeleeni," akaenda kuvaa viatu vya mjini. Wale wanaume walizima mashine zao mmoja baada ya mwingine, wakasimama wakiwatazama wakipanda gari la Roslyn, aliyekuja mbio kutoka Clare. Hakuna aliyepiga mluzi wala kutania.

Daktari Menaka alikuwa amevuta viti vinne, pamoja na chake, karibukaribu. Dulcie aliona boksi la karatasi za kufutia machozi limewekwa upande wake, akalichukia.

"Sitazunguka," alisema daktari. "Kile kipande ni kansa."

"Nyingine?" akauliza Roslyn. "Amepata nyingine?"

"Hapana. Si nyingine. Ni ileile ya koo."

Dulcie alisikia kila neno, na hata moja halikuingia. Alikuwa kama mtu aliyeingia jikoni kwake akakuta mlango umehamia ukuta wa pili.

"Ulisema koo ni safi," alisema.

"Koo ni safi. Nimelitazama tena. Halina kitu."

"Sasa kansa ya ulimi inafanya nini tumboni? Imeruka?"

Daktari alishika mikono yake pamoja. "Mnakumbuka tulivyoutia mpira? Tulipitisha kamera mdomoni mpaka tumboni. Tukatoboa kitundu kwa nje, tukaingiza uzi, uzi tukautoa mdomoni. Mpira tukaufunga kwenye uzi, tukauvuta. Uliingia kwa mdomo, ukashuka kooni, ukatokea tumboni."

"Nakumbuka," akasema Lindsay.

"Wakati huo kansa ilikuwa bado iko kooni. Mpira ulipita umeigusa. Tunadhani mara chache, mara chache sana, mpira hubeba chembe zake njiani na kuziacha pale unapotokea. Wapo wanaosema labda zilisafiri kwa damu. Sina njia ya kukuthibitishia. Lakini imeota palepale penye kitundu, na picha hazionyeshi kitu mahali pengine popote."

Nje mtu alisukuma kitoroli cha vyombo, kikapita kikigonga.

"Geti," alisema Lindsay hatimaye, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. "Una shamba chafu lenye kishonanguo, una shamba safi. Ukimpitisha kondoo getini bila kumkagua manyoya, ameshakupandia."

"Ndiyo," alisema daktari polepole. "Ni hivyo hasa."

"Mliipanda," alisema Roslyn. Sauti yake ilipanda naye akasimama. "Mliipanda nyinyi wenyewe!"

"Kaa chini, Ros."

"Baba, hawa watu..."

"Kaa chini. Bila huo mpira ningekufa njaa zamani. Binti wa watu ametwambia ukweli, mwache amalize."

Roslyn alikaa. Dulcie alikuwa hajasogea. Mpira! Ule alioosha, akaukausha, akaushukuru usiku. Alijiona akiinama juu yake siku zote zile, anasukuma maziwa taratibu asimuumize mtu, na chini ya vidole vyake mbegu inakua. Na yeye akaipaka mrututu. Akashika ukingo wa kiti.

Daktari alikuwa anaendelea. Kuna upasuaji, alisema. Wanakata kinyama chote pamoja na ukuta wa tumbo unaokizunguka, na sehemu ya tumbo la ndani, na kuziba. Ni kazi kubwa kwa mtu aliyedhoofika. Angependa kuifanya.

"Lakini kilichotutisha ni mbio zake. Kitu kilichofika ukubwa huo kwa wiki mbili ni moto wa nyikani. Nikikikata leo, kitakuwa kimerudi kabla mshono haujakauka. Nitakuwa nimekutia maumivu makubwa na kukuibia siku nzuri ulizobaki nazo. Nimekaa na wenzangu, tumeliangalia kila upande. Tumeonelea tusipasue. Tutakutunza nyumbani, usiumie. Pole sana, Lindsay."

Roslyn alifunika uso. Lindsay aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei mbaya mnadani akaikubali.

Na hapo Dulcie akaelewa.

Aligeuka kumtazama mumewe, na mumewe alikuwa anamtazama yeye. Alilijua jicho lile. Ni lile analomtazamia mbwa wake kondoo wakiwa wametulia na mbwa anataka kuchomoka: baki hapo hapo. Usisogee. Wiki mbili hazikuwa za kuwahisha kuutoa mpira. Siku ile Lindsay aliona uso wa daktari kabla ya mkewe kuuona, akajua ni nini, na kabla hajaulizwa jambo lolote jingine alikwisha kumwekea Dulcie ngao. Asije mtu akamuuliza mkewe: ulikuwa wapi? Ulikuwa unapaka nini? Na leo, kwa ajili ya ngao hiyo, alikuwa ameketi hapo anakubali kufa, mbishi yule, kwa adabu kabisa.

Dulcie akinyamaza, hakuna atakayejua. Binti yake atamlilia baba yake na kumkumbatia mama yake. Majirani wataleta keki na kusema hakuna mke aliyemuuguza mume kama Dulcie. Akisema, Roslyn atamtazama kwa macho ambayo hajawahi kumtazamia. Aliogopa, na nisimsingizie ushujaa: kwa kitambo kidogo alitaka kunyamaza.

"Si wiki mbili," alisema.

"Mama," alisema Lindsay.

"Si wiki mbili, Daktari. Amekudanganya. Ni tangu kondoo walipoanza kuzaa."

Daktari alimtazama bila kuelewa. "Kondoo wanazaa lini?"

Dulcie alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Roslyn, ameondoa mikono usoni.

"Mei," alisema Roslyn. "Wanaanza kuzaa Mei." Na sasa ilikuwa Septemba. "Mama? Tangu Mei?"

"Kilikuwa kama dengu. Glenys alikiona wakati huo, akasema ni cha kawaida, na kwa wakati huo pengine kilikuwa hivyo, sijui. Baada ya hapo hakukiona tena. Tulimficha. Nilikuwa nakichoma kwa mrututu, kama ninavyowafanyia farasi. Nikikichoma kinapungua, halafu kinarudi, na kila kikirudi kinazidi kidogo. Kidogo tu, Daktari. Polepole." Alionyesha kwa vidole, akavifungua kidogo kidogo. "Huu si moto wa nyikani. Kimekwenda kwa miguu njia nzima, na mimi nilikuwa nakiona kikija."

"Una uhakika? Kilichukua miezi yote hiyo kufika hapo?"

"Kila siku nilikuwa nakishika kwa mkono huu. Nani awe na uhakika kuliko mimi?"

Daktari Menaka alisimama. Alikuwa amebadilika uso, si furaha, lakini kama mtu aliyesikia hodi katika nyumba aliyodhani haina mtu. "Msiondoke," alisema. "Msiondoke hapa. Nawafuata wenzangu." Akatoka karibu anakimbia.

Waliobaki chumbani walikuwa watatu, na kila mmoja angependa kuwa peke yake.

"Nilikuambia unyamaze," alisema Lindsay.

"Hukuniambia kitu."

"Nilikutazama."

"Mimi si mbwa wako, Lindsay."

Yule mzee akatazama viatu vyake vya mjini. "Sikutaka wakuulize," alisema. "Kufa kila mtu anakufa. Sikutaka wewe ubaki unaulizwa."

"Ungekufa kwa uongo!" Roslyn alilipuka. "Ungekufa, Baba, kwa uongo, mbele yangu, na mimi ningekuzika na uongo wako! Na wewe, Mama! Mrututu! Baba si punda!"

"Mimi ndiye niliyemwambia apake," alisema Lindsay.

"Na mkono ulikuwa wangu," alisema Dulcie. "Mwache aseme. Sema, Ros."

Lakini Roslyn alikwenda dirishani akawapa mgongo, na mgongo ule ulimuuma Dulcie kuliko kelele.

Daktari aliporudi alikuwa na haraka. Wenzake wamekubali, alisema. Ikiwa kimekua polepole hivyo na hakijatoka pale kilipo, basi kipo cha kupigania. Wangempasua wiki hiyohiyo. Lindsay asirudi nyumbani, alazwe leo. Si ahadi. Kinaweza kurudi, au yeye mwenyewe asihimili upasuaji. Lakini asubuhi ile hawakuwa na kitu, na sasa wana kitu.

"Nani atamaliza kondoo?" aliuliza Lindsay.

"Kondoo watajinyoa," alisema Roslyn bila kugeuka.

Dulcie alisubiri mpaka daktari aliposhika kitasa cha mlango. Alijua asipouliza sasa atajiuliza mwenyewe maisha yake yote, na majibu atakayojipa yatakuwa mabaya kuliko ya daktari.

"Daktari. Ningekileta kule mwanzo, Mei, ingekuwaje?"

Daktari Menaka alisimama. Angeweza kudanganya, wapo madaktari wangedanganya, na wengine wangeita hiyo huruma.

"Kikiwa kama dengu?" alisema. "Ningekitoa asubuhi na jioni angekula nyumbani kwake. Sitakuficha. Na leo usingesema, nisingemgusa. Hilo nalo ni kweli."

"Asante," alisema Dulcie, asijue anashukuru kwa lipi kati ya hayo mawili.

Walipelekwa wodini, kwenye kitanda kilicho karibu na mlango. Muuguzi alileta maziwa ya kopo na bomba la sindano juu ya sinia, akasema koo lipumzike mpaka siku ya upasuaji, mpira ndio utakaotumika. Halafu akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Roslyn aliwahi kulishika lile sinia.

"Nitamlisha mimi."

Hakuna aliyembishia. Aliinua shati la baba yake, na kwa mara ya kwanza akakiona kinyama chote, bila kitambaa, buluu na wekundu chini ya taa ya hospitali. Hakujua kizibo kinafunguliwaje wala kibanio kinabanwa wapi. Maziwa yakamwagika kwenye shuka. Alibaki amesimama na bomba tupu, mwalimu wa watu, machozi yanamtiririka, hajui aanzie wapi.

"Mpe mama yako," alisema Lindsay.

"Sitaki kuugusa," alisema Dulcie. Alikuwa amesimama ukutani, mikono ameificha kwapani. "Lindsay, usiniambie. Siwezi kuugusa tena huo mpira."

"Njaa inaniuma, Mama."

Alisema hivyo tu, bila hila. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Dulcie alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, akasugua kucha zilizobaki na ubuluu ambao haukutoka. Roslyn alimpisha. Alimpa mama yake bomba bila kumtazama usoni, lakini hakuondoka; alisimama palepale, bega karibu na bega, akatazama anavyofungua kizibo na anavyobana kibanio. Dulcie alivuta maziwa, akatoa hewa, akaunganisha bomba na mpira. Akaanza kusukuma taratibu, na maziwa yakapita kando ya kinyama, yakaingia kwa mumewe.